Godoro Lisilokesha

Mtu akikwambia kwamba kupuliza godoro la upepo ni mchezo, mwambie akamuulize Abalo. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alipiga magoti kando ya kitanda cha bibi yake, akabana kidomo cha godoro kwa midomo na kuanza kupuliza. Pumzi ya ishirini ilimletea kizunguzungu. Pumzi ya arobaini ilimwonyesha nyota ndani ya nyumba. Akifika ya sitini, godoro limejaa na kunenepa, na yeye yuko hoi.

Halafu asubuhi anaamka, anakuta godoro limesinyaa lote na Bibi Alum amelala juu ya mbao. Hebu fikiria. Pumzi sitini zote zimekwenda na maji.

Godoro lenyewe lilikuwa la kambini, la nailoni ya kijani, jembamba likikunjwa kiasi cha kuingia kwenye mfuko mdogo. Baba yake Abalo, Konstebo Komakech, alilileta aliporudi kutoka kulinda amani nje ya nchi. Sasa Baba alikuwa amepangiwa kazi Moroto, na Abalo aliishi na mama yake katika nyumba za polisi, Nsambya. Bibi Alum, mama yake Baba, alikuwa ameletwa kutoka Kitgum baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Wiki ile muuguzi wa kliniki alimgeuza Bibi taratibu, akaonyesha alama nyekundu kwenye nyonga.

"Mama Abalo, unaiona hii? Ngozi bado haijapasuka," alisema. "Akiendelea kulalia kitu kigumu, hapa patachimbika kidonda. Kidonda cha namna hii kwa mtu wa umri wake hakiponi upesi, na itabidi alazwe tena. Jumatano ya wiki ijayo mleteni kliniki nimwone."

Bibi hakutaka kabisa kusikia habari ya kulazwa. Wodini alikaa miezi miwili, akatoka amekonda na akiwa amechoka kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kupimwa joto. Kwa hiyo godoro la upepo likawekwa juu ya sponji kuukuu, lililobonyea hadi mbao za kitanda zikasikika, na kwa siku mbili Bibi alilala vizuri sana.

Siku ya tatu, Alhamisi, Bibi alimwagia godoro uji. Mama alikuwa anatoka kwenda sokoni.

"Abalo, lifute kwa maji ya sabuni, ulilaze kwenye benchi kivulini likauke," aliagiza. "Usilianike kwenye seng'enge. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Kusikia alisikia. Lakini benchi lilikuwa limejaa masufuria, na rafiki yake Nasike alikuwa ameshafunga kamba ya kuruka, anamwita. Tena pale kwenye nyumba za polisi kila mtu alianika kwenye seng'enge: mashuka, sare za kazi, nepi, hata mablanketi. Waya ule wa miiba ulizunguka uwanja wote, na hakuna aliyekumbuka kwamba uliwekwa kuzuia wezi. Abalo akalitupa godoro juu yake, nusu huku na nusu huku, akakimbilia kamba.

Aliporudi alilivuta kwa haraka. Akasikia kitu kinakwaruza. Aliligeuza akaliangalia, hakuona chochote, moyo ukatulia.

"Limekauka vizuri?" Mama aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, Mama. Kwenye benchi."

Uongo wenyewe ulikuwa maneno mawili tu, na ukaisumbua nyumba nzima siku nne.

Ijumaa asubuhi godoro lilikuwa limesinyaa. Mama alilaumu panya. Aliazima mtego kwa jirani, akauweka chini ya kitanda, na mtego ukanasa kidole cha mguu cha Mama mwenyewe alipokuwa akimpelekea Bibi chai. Abalo alimfunga kitambaa. Alitamani kusema kweli, lakini Mama alikuwa amekunja uso, akimtukana panya ambaye hata hajazaliwa, na Abalo akaona huo si wakati.

Jumamosi Mama alilibeba godoro hadi kwa Nyongesa, baba yake Nasike, fundi wa baiskeli aliyekaa karibu na lango. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, mwenye mikono myeusi ya grisi.

"Tyubu ya baiskeli naizamisha kwenye karai, naona povu, kwisha," alisema Nyongesa akilitazama godoro refu kumshinda yeye. "Hili nitalizamisha wapi, Mama Abalo? Kwenye ziwa?"

Alilijaza kwa pampu likawa gumu, akalipaka povu la sabuni kwa sponji, kipande kwa kipande. Jua likakausha povu kabla hajamaliza kuangalia. Akapaka tena. Akalowesha shavu kwa maji, akalipitisha taratibu karibu na nailoni, maana shavu lenye maji husikia hata upepo mdogo. Mwishowe, katikati ya upande wa chini, kiputo kimoja kikavimba. Nyongesa akapazungushia kalamu, akapasugua kwa msasa, akaweka gundi na kiraka cha tyubu.

Jumapili asubuhi kiraka kilikuwa kimebanduka, kinaning'inia.

"Gundi ya mpira haipendi nailoni," Nyongesa alikiri baada ya kanisa, akijikuna kichwa. "Huu mfuko wake hauna kitu ndani?"

Ulikuwa nacho. Kwenye kijifuko cha pembeni kulikuwa na chupa ndogo ya gundi na viraka vitatu vya nailoni ileile, vimekaa humo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyefungua kutazama. Mama alishusha pumzi ndefu. Nyongesa alisafisha lile tundu kwa spiriti, akabandika, akalikandamiza kwa tofali. Akatafuta tena akapata tundu la pili, nalo akaliziba.

Jioni Abalo alipuliza pumzi sitini. Jumatatu asubuhi Bibi alikuwa juu ya mbao.

Sasa hapo hata mtu mpole huchoka. Nyongesa aliacha baiskeli tatu za wateja zikiwa miguu juu, akaja mwenyewe hadi mlangoni.

"Mama Abalo, mimi nimelipaka sabuni godoro hili mpaka linanukia kuliko watoto wangu," alisema. "Nimetafuta huku, nimetafuta kule. Lina mifereji, kila mfereji una kunjo zake, na tundu la sindano linajificha humo. Niambieni jambo moja. Ni nini kililitoboa? Nikijua kilicholitoboa, nitajua pa kutafuta."

"Panya," alisema Mama.

"Panya anatafuna, anaacha nyuzi. Haya ni matundu ya kudungwa."

Abalo alikuwa amesimama karibu na mtungi, anatazama vidole vyake vya miguu. Kisha Bibi Alum akasema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo:

"Basi ni pini yangu."

Bibi alikuwa na pini moja kubwa ambayo kila siku aliifungia leso yake kifuani, asiipoteze. Alikuwa nayo tangu kabla Abalo hajazaliwa. Akaifungua, akamnyooshea Mama.

"Iweke mbali. Nimeharibu kitu cha mwanangu," alisema. "Na hilo godoro likunjeni mlirudishe mfukoni. Mimi nitalala kwenye mbao, nimezoea vigumu. Nisameheni."

Mama aliipokea pini, akaitia kwenye kopo la vifungo. Hakumlaumu Bibi, lakini pia hakusema kwamba si yeye. Abalo aliona Bibi akishika mahali palipokuwa na pini, kisha akaushusha mkono. Keshokutwa ilikuwa Jumatano, siku ya kliniki.

"Si pini," alisema Abalo.

Wote wakamgeukia.

"Si pini ya Bibi, wala si panya. Nililianika kwenye seng'enge. Siku ile ya uji." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Nilisema kwenye benchi, nilidanganya. Nililivuta likakwaruza."

Mama akakiangalia kidole chake cha mguu chenye kitambaa.

"Siku nne," alisema mwishowe. "Siku nne, Abalo, unaniangalia nikitega panya?"

Nyongesa, kwa upande wake, alikuwa ameshika kiuno na macho yanamng'aa.

"Ngoja, Mama Abalo, utamchapa kwa maneno baadaye," alisema. "Mtoto, ulilianikaje? Nionyeshe hasa."

Wakaenda uwanjani. Abalo akaonyesha mahali, na jinsi alivyolikunja katikati juu ya waya. Nyongesa akachukua kijiti, akakilaza kando ya seng'enge na kuweka alama kila palipokuwa na mwiba. Miiba ilipishana sawasawa, shubiri ndogo kutoka mmoja hadi mwingine. Katika upana wa godoro, ilikuwa mitano.

Waliporudi alikilaza kijiti katikati ya godoro. Alama ya pili iliangukia kiraka cha kwanza. Alama ya nne iliangukia kiraka cha pili.

"Basi bado alama tatu zinanidai," alisema Nyongesa. "Leta sabuni."

Hawakupaka tena godoro zima. Walipaka mahali patatu tu, wakavuta nailoni na kuzifungua zile kunjo kwa vidole. Kwenye alama ya kwanza kiputo kikavimba. Kwenye ya tatu vikavimba viwili, vidogo mno, ndani kabisa ya kunjo. Kwenye ya tano, karibu na ukingo, povu likatambaa polepole mpaka Abalo akadhani hakuna kitu, kisha likatoa jicho.

Kiraka kilikuwa kimebaki kimoja. Nyongesa alikikata vipande vitatu kwa mkasi, akavikata pembe ziwe za mviringo visibanduke. Abalo alishika spiriti, akashika kitambaa, akalalia tofali kwa mikono miwili mpaka mabega yakamuuma, wala hakuna aliyemwambia apumzike. Jioni alipuliza pumzi zake sitini.

Jumanne alfajiri aliamka kabla ya kuitwa, akaenda kitandani kwa Bibi akiogopa kutazama. Bibi alikuwa amelala juu, chali, godoro limejaa chini yake, anakoroma. Abalo akalibonyeza kwa kidole. Lilikuwa gumu. Akakaa sakafuni akalia kidogo kwa furaha, kisha akainuka kuwasha moto wa chai.

Mama alimkuta jikoni.

"Kaa hapa," alisema. "Kutoboa godoro ilikuwa haraka yako ya dakika moja. Ungeniambia Alhamisi ileile, ningekugombeza, tungeziba, yangeisha siku hiyo. Lakini kunyamaza ulikufanya kila asubuhi, upya, ukimwona bibi yako juu ya mbao. Nyongesa alikuwa na macho, alikuwa na sabuni, alikuwa na gundi. Alichokosa ni neno moja la kweli, na wewe ulikuwa nalo. Mtu akikosea na akasema, kosa linajulikana lilipo na linazibwa. Akinyamaza, wengine wote wanapapasa gizani, na mwisho analaumiwa asiyehusika. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Mimi pia nilikosea kuipokea ile pini. Nimeshamwomba radhi. Sasa ni zamu yako."

Abalo alilifungua kopo la vifungo, akaitafuta pini mpaka akaipata chini kabisa. Bibi alikuwa ameamka, anakaa wima kwa mara ya kwanza bila kuguna.

"Bibi, haikuwa pini yako," alisema Abalo. "Nilijua tangu mwanzo. Nisamehe."

Bibi Alum akainua leso yake, akaishika kifuani mahali pake pa siku zote, akangoja. Abalo aliifunga pini kwa uangalifu, akahakikisha ncha yake imeingia ndani ya kifuniko, mbali na godoro.

"Imekaa sawa," alisema Bibi. "Sasa niletee uji. Na safari hii, uushike wewe."