Shemeji Hataki Kula

Siku Shemeji alipokataa panya kwa mara ya kwanza, mume na mke walicheka.

Shemeji alikuwa chatu. Jina alipewa na Mpiga Picha siku alipomleta nyumbani ndani ya gunia na kumwambia mkewe, "Huyu ni mdogo wangu, kwa hiyo kwako wewe ni shemeji. Mkaribishe." Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi kwa sababu ya kazi yake, alikuwa na pasi mkononi na mtoto mgongoni. Akasema mashemeji wa wenzake huja na zawadi. Hata hivyo alimkaribisha. Kasha la kioo likawekwa sebuleni, kati ya kochi na meza ya kupigia pasi, taa ya joto ikafungwa juu yake, na maisha yakaendelea. Katika nyumba ile nyoka ndiye aliyekuwa na kazi nyepesi kuliko wote: alasiri anapelekwa bustani ya mapumziko, anawekwa mabegani mwa wateja, wateja wanajikaza, Mpiga Picha anabofya, basi.

Na nyoka kugoma kula si habari. Chatu anaweza kukaa na njaa muda ambao mimi na wewe tungekuwa tumeshazikwa na kusahauliwa. Akijivua ngozi hali, akisikia baridi hali, akinuna hali. Ila huyu hakuwa anajivua ngozi, na joto alikuwa nalo la kutosha. Panya mfu aliletwa mbele ya pua yake, akatikiswa kwa koleo. Shemeji akatoa ulimi mara moja, kisha akageuza kichwa taratibu na kumtazama Dobi akipiga pasi.

"Shemeji gani huyu, anakaa kwangu halafu hali?" Dobi akasema. "Atanitangaza vibaya kwa ndugu zako."

"Anakuonea aibu. Mzoee tu."

Hakuzoeleka. Panya wakaletwa wakubwa kwa wadogo, wa moto kwa wa baridi, na kila mara ilikuwa ni ulimi mmoja halafu kichwa kinageuka. Uti wa mgongo ukaanza kuonekana, ngozi ikalegea. Kule bustanini wateja wakawa wanasema nyoka huyu anaumwa, hawamtaki shingoni. Mpiga Picha akampigia simu mtu aliyemuuzia.

"Huyo anadeka tu," akasema muuza nyoka. "Mpake panya harufu ya kitu anachokipenda. Tafuta manyoya ya kuku, msugue nayo, kisha mpe."

Ushauri wenyewe haukuwa mbaya, wafugaji wa nyoka hufanya hivyo. Tatizo lilikuwa Mpiga Picha. Mwanamume huyu angeweza kumvisha mtu chatu shingoni huku anapiga mluzi, lakini kumshika panya kwa vidole vyake hakuweza. Siku hiyo koleo alikuwa amelisahau bustanini, na manyoya ya kuku alikuwa hajayatafuta. Akachukua kitambaa kilichokuwa karibu, juu ya mkono wa kochi, akamshikia panya. Kilikuwa kile ambacho Dobi hujifutia kifua akimaliza kunyonyesha.

Shemeji hakungoja panya atikiswe. Alirusha kichwa kwa kasi, Mpiga Picha akaangukia meza ya pasi. Nyoka akammeza panya, na alipomaliza akabaki na kinywa wazi, akikitafuta kitambaa.

"Kumbe anakupenda wewe," Mpiga Picha akamwambia mkewe alipoingia kutoka kuanika nguo. "Kaka yake ni mimi, lakini harufu anayoitaka ni yako."

Dobi alimsema sana kwa kukichafua kitambaa chake. Lakini nyoka si alikuwa amekula? Nani angeacha dawa iliyofanya kazi? Tangu siku ile kila panya alifutwa kwa nguo ya Dobi kwanza: kilemba chake, blauzi ya kazini, foronya ya mto wake. Shemeji akajaa, ngozi ikang'aa, na bustanini watu wakarudi kupanga foleni. Mpiga Picha akawa anarudi nyumbani anaimba.

Aliyegundua kwanza alikuwa Dobi mwenyewe, maana pua yake ndiyo inayomlisha. Mpe shati lolote, atakwambia mwenyewe ni muuza samaki au fundi magari kabla hajalikunjua. Asubuhi moja alikuwa anatenganisha nguo za nyumbani kabla ya kuloweka. Za mumewe zilinuka jasho. Za mtoto zilinuka maziwa yaliyoganda. Zake hazikunuka chochote. Akanusa kwapa la blauzi aliyoivaa akifanya kazi juani kutwa nzima ya jana. Hakuna kitu. Akaenda jikoni akakata kitunguu, akanusa vidole, navyo havina kitu. Mbwa wa jirani, aliyezoea kumbwekea hata mpeleka maji, alipita mbele ya miguu yake bila kuinua kichwa.

"Baba Kibonge, hebu ninuse," akamwambia mumewe.

"Nikunuse?"

"Shingoni hapa. Niambie ninanukaje."

Mpiga Picha akaja anacheka, akaweka pua shingoni mwa mkewe, na kicheko kikaisha. Alibaki pale kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Sabuni tu," akasema, akarudi nyuma. "Umezidisha sabuni."

Jioni hiyo Dobi alipoingia na rundo la nguo kutoka kambani, mumewe alinyanyuka kwenye kochi akamwambia, "Karibu, dada," kwa adabu ile ya kumpokea mteja. Kisha akajishtukia, akasema mawazo yake yalikuwa mbali. Dobi aliogopa. Alizikunja nguo zote zile akiwa amempa mgongo.

Halafu ikafika zamu ya mtoto. Kibonge walimwita hivyo kwa mashavu yake, na mashavu hayo yalikuwa kazi ya maziwa ya mama yake, hakuna kingine alichokuwa amewahi kuonja. Siku hiyo alipowekwa kifuani akageuza uso. Mama yake akadhani ni meno. Akambembeleza, akamrudisha, mtoto akajipinda na kulia, na kile hakikuwa kilio cha njaa wala cha maumivu, kilikuwa kile cha mtoto aliyechukuliwa na mtu asiyemjua. Chupa akaikataa. Jirani aliyekuwa na mtoto mchanga akajitolea kumnyonyesha, naye akamkataa. Kwenye zahanati muuguzi alimpima juu mpaka chini akasema haoni ugonjwa. Mashavu yakaanza kushuka, na Dobi maziwa yanamjaa kifuani mpaka yanamuuma, anayakamua na kuyamwaga kwenye sinki huku analia.

Mvua ikanyesha mchana mmoja, Dobi akamlaza Kibonge kwenye kochi akakimbia kuokoa nguo za watu kambani, na akiwa bado nje, mikono imejaa mashuka, akasikia kilio kimekatika ghafla, akaziacha nguo matopeni akarudi mbio, akamkuta mtoto amelala ubavu, uso ameuelekeza kwenye kasha la kioo, macho yametulia, midomo inanyonya hewa, na upande wa pili wa kioo Shemeji ameweka kichwa chake sambamba na uso wa mtoto, hatikisiki, na kupitia wavu wa juu wa lile kasha inatoka harufu, harufu ya maziwa na sabuni na jasho la shingoni na pamba iliyotoka kupigwa pasi, na Dobi akasimama pale akiivuta puani mpaka akaitambua kuwa ni yake. Kisha ndani ya kasha kukasikika pumzi ndefu ya uchovu. Ndivyo yeye mwenyewe anavyoshusha pumzi kila akiiweka pasi chini.

Mpiga Picha alipoambiwa hakubisha. Alipiga simu palepale.

"Ulimpaka nini?" akauliza muuza nyoka.

"Nguo za mke wangu."

Kwenye simu ukasikika mlango ukifungwa.

"Si nilikwambia manyoya ya kuku?" Sauti ilikuwa imeshuka sasa, kama anayeogopa kusikiwa na aliye chumba cha pili. "Mimi hapa naishi na mwanamke. Ananipikia, ananifulia. Watu wote wananiambia ni mke wangu." Akakata, na baada ya hapo namba ile haikupatikana tena.

Wakamtafuta mganga, mama wa makamo anayefahamika kwa kutoa majini, mtu wa maneno machache. Aliingia, akaketi mbele ya kasha, akawasha ubani. Moshi ukapanda, ukajaa sebule nzima mpaka macho yakawawasha, lakini haukuwa na harufu hata kidogo. Mganga akauinamia ule moshi, akavuta pumzi, akavuta tena. Akajikusanya ndani ya mtandio wake.

"Nyoka hana kosa," akasema kwa kunong'ona. "Amekaliwa. Aliyemo ndani yake ni jini asiye na mtu wake. Anakula kile ambacho kwacho wewe unajulikana na walio wako. Nyama ya panya ni sahani tu."

"Mtoe, mama," akasema Mpiga Picha. "Mtoe leo hii."

"Nitamtoa. Lakini akitoka anaondoka na alichokwishakula. Hakirudi."

"Na mwanangu je?" Dobi akauliza.

Mganga akamtazama mtoto, ambaye kwa sasa alikuwa analia bila sauti.

"Mwanao atakuwa hana mama, na wewe upo."

Dobi alinyanyuka. Alifungua mlango wa kasha, yeye ambaye tangu nyoka yule aingie nyumbani hakuwahi kumgusa hata kwa ncha ya kidole, akamtoa kwa mikono miwili, akamzungusha mabegani mwake mwenyewe, kisha akamchukua Kibonge na kumweka kifuani. Mtoto akavuta hewa puani. Akatafuta kidogo, akapata, akanyonya kwa pupa mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo.

"Basi asitoke," Dobi akasema.

Mganga alikusanya vitu vyake akaondoka. Hakuaga.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Kila mtoto alipotaka kunyonya, Dobi alijivika nyoka, mzito, wa baridi, na Kibonge akanyonya amefumba macho, mkono mmoja ukishika magamba. Bustanini Mpiga Picha hakwenda tena na chatu, akawapiga watu picha mbele ya maua. Dobi aliichukia kila saa ya siku zile, lakini mtoto alikuwa anapumua, basi akavumilia.

Kisha Shemeji akagoma tena. Panya akafutwa kwa blauzi ya Dobi, akatazamwa na kuachwa, kwa kuwa blauzi haikuwa na chochote cha kuliwa tena. Mpiga Picha akavua shati lake lenye jasho la kutwa, akamsugulia panya mwingine. Kichwa kikageuka. Akakata nywele zake akamzungushia, akamfunga kwa soksi yake, nyoka wala hakutoa ulimi.

"Yangu haitaki," akasema, na alikuwa karibu kulia. "Nimempa yote, haitaki."

Nyoka akakonda, na alivyokonda, ile harufu ikafifia. Kibonge akawa ananyonya kidogo, anaacha, anatafuta, anageuza uso huku na huku kama aliyepotezwa sokoni. Na kila aliponyonya, kichwa cha Shemeji kilishuka taratibu kutoka begani mwa Dobi mpaka juu ya kichwa cha mtoto, ulimi ukawa unatoka na kurudi, unatoka na kurudi, pale utosini panapopiga. Mume na mke wote wawili waliona, wakaelewa ni harufu ya nani anayoitaka sasa.

"Tusifanye hivyo, mama Kibonge," hatimaye mume akanong'ona. "Tutatafuta njia nyingine."

"Ipi?"

Mume akaitazama soksi yake sakafuni.

"Nyoka huyu akifa, mwanangu atanyonya kwa nani?" Dobi alisema taratibu, kana kwamba anamfahamisha mteja mbishi. "Nitamjua kwa macho. Nitamjua kwa sauti yake. Nimembeba tumboni mwangu, nitamsahauje?"

Alichukua kofia ya sufu ya mtoto, akajifunika nayo uso. Alikaa nayo hivyo muda mrefu, anavuta ule utamu wa kichwa cha mtoto, maziwa na poda na usingizi, anauvuta mpaka mwisho wa kifua na hataki kuutoa. Alipoishusha, macho yake yalikuwa mekundu. Akamfuta panya kwa ile kofia kwa mikono yake mwenyewe. Shemeji akala. Mlo uliofuata ikawa fulana, uliofuata ikawa shuka la kitanda cha mtoto, na Shemeji akala yote.

Nyoka akanenepa, ile harufu ya mama ikarudi na nguvu zake, na Kibonge akanyonya vizuri, na mashavu yakarudi. Ukimwona ungesema huyu hajawahi kuumwa.

Asubuhi moja Mpiga Picha alimkuta mkewe amekaa kwenye kochi, chatu mabegani, mtoto kifuani. Alikuwa anamnyonyesha kwa upole, akimfuta mdomo kwa ncha ya kitambaa, kwa uangalifu wa mtu anayeshika kitu kisicho chake. Mtoto alipomaliza akamwinua, akamtazama usoni, akamgeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama tena. Alitabasamu.

"Kazuri kweli haka katoto," akamwambia mumewe. "Mwenyewe atakuja kukachukua saa ngapi?"