Goti la Kushoto

"Saba... nane... Firdausi, inuka!"

Sauti ya Sajini Mwamvua ilinijia kwa mbali, kumbe alikuwa amesimama palepale juu ya kichwa changu. Mdomo ulinijaa vumbi la mbao. Hamis alikuwa amenipiga goti la kushoto kwa mara ya tatu, na mara hii goti lilikataa kabisa kunibeba.

"Tisa... kumi! Basi! Hamis ndiye anakwenda kozi."

Makofi yakalia shimo zima la mapambano. Mimi nikabaki nimelala chini, nalia mbele ya wanaume zaidi ya arobaini, na wala sikuona aibu.

Kama unadhani askari akitaka kujifunza mapigano ya mikono anaamka tu na kwenda, ngoja nikuambie ilivyokuwa kikosini kwetu, upande wa Kibondo, mwaka 2014. Ilitoka nafasi moja ya kozi ya ualimu wa mapigano bila silaha. Moja tu! Unaandika barua, inapita kwa kamanda wako wa platuni, naye anaipeleka juu kama amekuona unafaa. Unakimbizwa kilomita kumi na sita na begi la mchanga mgongoni. Daktari anakupima na kukuuliza kama una jeraha. Mnaobaki mnaingizwa shimoni, kwenye vumbi la mbao, mnapambana mpaka abaki mmoja. Tulianza kumi na tisa. Siku ya mwisho tulibaki wawili, Hamis na mimi.

Daktari aliponiuliza nilimjibu, "Sina jeraha lolote, afande."

Uongo mtupu. Masika yale nilikuwa nimeteleza kwenye korongo tukiwa doria, goti likageuka. Aliyenibeba mgongoni ni Koplo Nurudini, mchumba wangu. Yeye ndiye aliyeniambia, "Firda, usimwambie mtu. Wakijua tu, jina lako wanalikata." Wiki tatu alinichua goti lile kwa mawese ya vuguvugu aliyotumiwa na mama yake. Chini ya jua hili alikuwa ni yeye peke yake aliyejua.

Baada ya pambano alinikuta nimekaa nyuma ya stoo.

"Pole mpenzi wangu."

"Nuru, Hamis amejuaje?"

"Amejuaje nini?"

"Goti! Mara tatu, palepale. Hajawahi hata kufanya mazoezi na mimi."

"Ni bahati yake tu. Kwenye mapigano mtu anagonga popote."

"Mara tatu?"

Akanifuta machozi kwa kiganja. "Achana nayo. Ilikuwa haijaandikwa. Lakini angalia upande mzuri, sasa huna safari. Kibali chetu cha ndoa kimeshatoka. Tufunge mwezi huuhuu, tusiendelee kungojana."

Nikakubali. Mtu ukiwa na majonzi, anayekufuta machozi unamwona malaika. Ndiyo akili niliyokuwa nayo siku zile, sijifichi.

Jumapili ya ndoa nyumba yetu ya Kasulu ilijaa tangu alfajiri. Baba yangu, Mzee Salumu, anauza vitenge sokoni, kwa hiyo nusu ya soko ilikuwa uani kwetu. Masufuria ya pilau yalikuwa jikoni. Mimi nilikuwa chumbani, hina imekauka mikononi, na shangazi Asmahani aliyetoka Rungwe Mpya ananipaka wanja.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Mama akachungulia.

"Firda, kuna kijana wa kikosini kwenu. Anasema ni Hamis. Nimwambie arudi?"

"Mwache, mama. Natoka."

Hamis alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, kofia mkononi. Hakuniangalia usoni.

"Dada Firdausi, kesho naondoka kwenda kozi. Nimeshindwa kuondoka bila kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Jana nilikwenda kwa Sajini Mwamvua kuchukua barua yangu ya safari. Akaniambia hukula siku tatu baada ya lile pambano. Nikashangaa. Mtu aliyetaka kushindwa analilia nini?"

"Nani alitaka kushindwa?"

"Si wewe?"

"Hamis, unaumwa?"

Akaikunja kofia yake. "Nurudini aliniambia mmekubaliana. Kwamba wewe unataka ndoa, ila unaona haya kujitoa mbele ya afande. Eti nikusaidie uanguke kwa heshima."

Akatoa kisimu chake, akabonyeza, akanipa. Namba ilikuwa ya Nurudini. Tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya pambano.

*"Kaka mpige goti la kushoto. Ni bovu. Usimuumize sana muangushe tu. Mimi nataka mke sio mwalimu wa vita. Hii ibaki kwetu."*

Niliisoma mara mbili. Nikamrudishia simu.

"Nisamehe, dada. Wallahi ningejua..."

"Usiondoke," nikamwambia. "Kaa hapohapo."

Nikaingia chumbani, nikamwomba shangazi anipishe kidogo, nikapiga. Nurudini alipokea kwa furaha, nyuma yake nikasikia watu wanaimba kaswida garini.

"Mke wangu! Tumeshafika Makere. Muda si mrefu tuko hapo."

"Nuru, ulimwambia nini Hamis?"

Hata kaswida niliona kama zimepungua.

"Nani kakuletea maneno siku ya leo?"

"Nimeisoma meseji kwa macho yangu."

"Tutaongea tukishafunga."

"Ongea sasa hivi!"

Akashusha sauti. "Firda, niliposema ulifiche goti sikudhani ungefika mpaka siku ya mwisho. Nilikuwa nakupoteza. Ungekwenda kule, ungerudi mwalimu. Ungenisimamisha mimi mumeo shimoni, unigaragaze mbele ya vijana wanaoniita koplo. Uso wangu ningeuweka wapi?"

"Kwa hiyo ukaliuza goti langu."

"Nimefanya kwa kukupenda."

"Ulilichua kwa mikono yako, Nuru! Wiki tatu! Ulikuwa unanitibu au ulikuwa unapima pa kupiga?"

"Sasa unataka nini? Haya, sema. Ukisema lazima ueleze ulimdanganya daktari wa kikosi. Sajini wako si yuko hapohapo kwenu? Jina lako halitarudi kwenye orodha yoyote, kozi utaisikia kwa wenzio. Nyamaza, Firda. Nyamaza tu, mambo yaishe."

Akakata. Haikupita dakika, meseji ikaingia.

*"Shehe akija kukuuliza kaa kimya kama bibi harusi wengine. Nakupenda sana."*

Hapo ndipo nilipomwelewa vizuri. Kwetu shehe huja kusimama nje ya pazia na mashahidi, anamuuliza bibi harusi kama ameridhia. Bibi harusi ambaye hajawahi kuolewa akinyamaza kwa haya, kimya chake kinahesabiwa ndiyo. Nurudini alijua hilo. Kimya changu kwa daktari kilimpa siri ya kunifunga mdomo, na leo alitaka kukitumia tena kunioa.

Sajini Mwamvua kweli alikuwepo. Wanawake waliporudi chumbani alikaa mkekani pembeni ya kitanda changu, amevaa dera la zambarau, anapiga soga na wanawake wa sokoni. Ndiye aliyenifundisha kuanguka bila kuvunjika mkono. Ndiye aliyeandika "anafaa" kwenye barua yangu ya maombi. Nilikuwa tayari kumpoteza mwanaume. Kumpoteza yeye ndiko kulikoniogopesha.

Vigelegele vikapigwa, msafara ukaingia. Baada ya muda nikasikia kikohozi cha Shehe Isihaka nje ya pazia.

"Firdausi binti Salumu."

Shangazi akanishika bega.

"Nurudini bin Khatibu anataka kukuoa kwa mahari ya msahafu na kitanda. Umeridhia?"

Nikainamia hina ya mikononi.

"Mwana wanje, mwanangu huyu, ana haya," shangazi akamwambia shehe, anacheka. "Si mnajua mambo ya mabinti."

"Nauliza mara ya pili. Umeridhia?"

Nikamwangalia Sajini Mwamvua. Alikuwa ananitabasamia.

"Mara ya tatu na ya mwisho, mwanangu. Umeridhia?"

Nikasimama. Nikatoa sauti ileile niliyofundishwa kutolea amri uwanjani, na nadhani waliokuwa barabarani nao waliisikia.

"Oya! Hapana! Sijaridhia!"

"Yesu na Maria!" jirani yetu mmoja akaropoka. Mama akadondosha mwiko.

Baba akafika mlangoni, amepauka. "Firdausi, una wazimu? Watu wote hawa! Sababu ni nini? Sema, maana usiposema watakusemea."

Basi nikasema. Nikageuka, nikasimama wima mbele ya dera lile la zambarau.

"Afande, nilidanganya. Goti langu la kushoto ni bovu tangu masika. Daktari aliniuliza, nikakataa. Aliyejua ni Nurudini peke yake, ndiye aliyenishauri nifiche. Halafu yeye mwenyewe akamwambia Hamis anipige palepale ili nisiende kozi."

"Muongo huyo!" Nurudini akapiga kelele kutoka sebuleni. "Ana ushahidi gani?"

"Ushahidi huu hapa, kaka." Hamis alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Akaisoma meseji yote kwa sauti, mbele ya shehe na wazee. Alipofika kwenye "muangushe tu", Mzee Khatibu, baba yake Nurudini, alivua kofia yake akaiweka magotini, akainama.

Shehe Isihaka akafunga kitabu chake. "Hapa hakuna ndoa," akasema. "Bwana harusi, toka nje upate hewa."

Sajini Mwamvua aliinuka taratibu. Tabasamu lilikuwa limeisha.

"Ulimdanganya daktari wa kikosi?"

"Ndiyo, afande."

"Ungeumia kule kozini, ningejibu nini mimi niliyekuandikia unafaa?"

"Ningekuwa nimekuangusha, afande."

"Mwaka kesho jina lako halitakuwepo. Nitalikata mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Ndiyo, afande." Machozi yakaanza kuharibu wanja.

Kisha akavua mtandio wake, akapiga goti mbele yangu, palepale mkekani.

"Lipi?"

"La kushoto."

Akalifunga kwa nguvu, mizunguko minne, kama tunavyofungana tukiwa doria. "Jumanne saa mbili asubuhi nikukute hospitali, lipigwe picha. Likipona, mwaka utakaofuata barua unaandika upya, tunaanza na kilomita kumi na sita. Na koplo yule nitaonana naye kikosini."

Mama akauliza kwa woga, "Sasa na hili pilau?"

"Acha watu walile, mama," nikamjibu. "Hamis naye mpe, ana safari."

Msafara wa Nurudini ulikuwa bado haujavuka soko simu yangu ilipolia.

*"Ungenyamaza tu saa hizi ungekuwa mke wangu."*

Nikaandika kwa vidole vyenye hina.

*"Ndiyo maana nimesema."*