Debe Lisilotobolewa

Mwaka 1954 mtaa wetu wa maduka hapa Garissa ulikuwa wa mabati, punda na vumbi. Kila asubuhi nilifagia mbele ya duka la mume wangu, Nunow, na kila jioni vumbi lilikuwa limerudi. Basi wanawake watano tukakubaliana kupanda maua. Hakuna aliyetulipa. Tulikusanya madebe matupu ya mafuta ya taa, tukayasugua kwa majivu, tukayapanga mbele ya maduka.

Olow, mtunza bustani kando ya mto Tana, alikuja kutufundisha.

"Kwanza toboeni madebe chini," alisema. "Matundu matano, kwa msumari."

Wenzangu wakatoboa. Mimi nikacheka.

"Walaalo, ndugu yangu, nani hutoboa chombo ya maji? Punda yangu inapanda na maji kutoka mtoni, wewe unataka nimwage chini?"

"Maji yakijaa mizizi haipumui, abaayo, dada yangu."

"Mizizi haina pua," nilimjibu. Wote wakacheka, nami nikajiona mjanja. Nililelewa malishoni, ambako mtoto akimwaga kata moja ya maji alichapwa. Kutoboa chombo kizima kwa mkono wangu sikuweza.

Jirani yetu Arbia alikuwa mzee, na macho yake yalikuwa na ukungu. Tulimwita eddo, yaani shangazi. Mlangoni kwake palikuwa na mche mmoja wa asmini. Mwanawe aliuleta kutoka Lamu, mizizi imefungwa kwa kitambaa kibichi, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sasa mbuzi walikuwa wanautafuna. Arbia akaung'oa wote akanikabidhi.

"Nakupa wewe, Habibo, kwa sababu wewe hamwagi maji. Ikichanua niambie. Macho yangu imekwisha, lakini pua bado iko."

Niliupanda mche ule kwenye debe langu lisilo na matundu, nikaumwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu majani yakawa manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Yakaanza kudondoka, nikaongeza tena. Kila siku Arbia alipita akipapasa ukuta.

"Imechanua?"

"Bado kidogo, eddo."

Nilikuwa namdanganya, na nilijua.

Siku moja alinyoosha mkono mwenyewe. Majani yakabaki kiganjani mwake. Alinusa vidole vyake.

"Inanuka kama kisima ya zamani," alisema, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Nilimwita Olow. Alilipindua debe, maji meusi yakamwagika. Mizizi ilikuwa imeoza.

"Haukufa kwa kiu," alisema. "Ulizama. Maji yalikosa njia ya kutoka."

"Hakuna hata tawi moja la kupanda tena?"

Alikwaruza tawi baada ya tawi kwa kisu, akitafuta ubichi. "Hakuna, abaayo."

Safari hii nilimsikiliza. Toboa matundu. Tandika vigae vya chungu chini, kisha jaza udongo uliochanganywa na mchanga wa mto na samadi kavu ya mbuzi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na unyevu, ngoja.

"Na maji yanayotoka chini?" niliuliza.

"Weka karai. Mbuzi watakunywa."

Jambo dogo kama hilo. Ningeuliza siku ile badala ya kucheka, mche ungekuwa hai. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilitoboa debe langu. Olow akaniletea mche mwingine wa asmini kutoka bustanini kwake. Baada ya misimu miwili ya mvua, mtaa mzima ulikuwa na maua, na watu walisimama kuyatazama. Asmini yangu ilipochanua, nilimshika Arbia mkono nikamleta. Aliinama, akavuta pumzi muda mrefu.

"Mashallah. Inanukia vizuri."

Nikafurahi. Kisha akaniuliza polepole, "Lakini siyo ile, sivyo?"

"Siyo ile, eddo. Ile niliiua mimi. Nisamehe."

"Nilisamehe zamani," alisema. Akachuma ua moja, akalifunga kwenye pindo la shuka yake, akarudi nyumbani akipapasa ukuta.

Wewe unayejifunza kusoma kwa hadithi hii, unataka kupanda ua kwenye debe? Shika msumari kabla hujashika kata. Na ukikabidhiwa mche wa mtu, uliza kwanza.