Hodi ya Adhuhuri

Mwalimu alifika kuchukua gauni ambalo Fundi hata kitambaa chake hakuwa amekikata.

"Umeniambia mwenyewe asubuhi," mwalimu akasema, akamnyooshea simu. Ujumbe ulikuwa pale: *Gauni lako liko tayari. Njoo uchukue.*

Fundi akafungua kinywa atunge uongo, maana uongo haumkaukii fundi cherehani ulimini, lakini jicho likaangukia msumari wa nyuma ya mlango. Gauni lilikuwa limetundikwa pale, limeshonwa, limepigwa pasi. Akapapasa mishono yake. Uzi haukuwa na fundo popote, hauna mwanzo wala mwisho. Mwalimu akalivaa, likamkaa kama ngozi, akaondoka anasifu. Fundi akabaki ananusa kiganja: chuma kilicholowa, kama pumzi ya kisima.

Ujumbe ule ulipelekwa na msaidizi wa akili bandia, ambaye binti wa pekee wa Fundi alimtia kwenye simu. Wateja walikuwa wanakimbia. Fundi alishona vizuri, ila kumjibu mtu kwenye simu kwake kulikuwa kama kung'olewa jino. Basi binti, na mimba yake imeshakomaa, akakaa akamwelekeza: unamwambia kwa mdomo, naye anapanga, huyu apelekewe ujumbe Jumatatu, yule Alhamisi, wewe shona zako. Msaidizi akajifunza hata sauti yake, akawa anawajibu watu kwa kikohozi kile kile cha Fundi na "mwanangu" ile ile.

Agizo moja Fundi alilitoa mwenyewe. "Yeyote atakayebisha hodi, mkaribishe. Usiniulize ni nani." Aliuita ukarimu. Ulikuwa uvivu uliovaa nguo ya heshima.

Baada ya gauni la mwalimu zikaja nyingine. Fundi akanyamaza. Macho yalikuwa yamechoka na kazi ilikuwa inajifanya. Nani humfukuza mshonaji asiyekula wala kulala? Adhuhuri moja amekaa uani na bintiye wanakula, duka la mbele limefungwa, pedali ya cherehani ikaanza kulia.

"Mama, nani yuko dukani?"

"Upepo."

"Upepo unakanyaga cherehani?"

"Kula, mwanangu."

Jumatano iliyofuata, kwenye msumari kulikuwa na kivazi cheupe, cha mtoto mchanga. Fundi akakigeuza huku na huku akitafuta pa kupitisha kichwa. Hapakuwapo. Wala pa mikono. Kilikuwa kimeshonwa pande zote kikafungwa.

Akamwuliza msaidizi nani kaagiza. Akaonyeshwa ujumbe uliopangwa kwenda Ijumaa, kwa bintiye: *Vazi la mtoto liko tayari. Njoo uchukue.* Akaamuru ufutwe. Msaidizi akasema ameufuta, kisha, kwa sauti ya Fundi mwenyewe, akaongeza, "Mwenye nyumba ameomba ujumbe ubaki."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Simu ikakohoa kikohozi cha Fundi.

Mganga aliitwa. Hakuagua kitu, aliomba tu asomewe mazungumzo ya nyuma. Wakamkuta mtu asiye na namba, aliyeandika hodi mara tatu, kila mara saa ya jua la utosi, na kila mara akajibiwa: *Karibu, mwanangu.* Mganga akaurudisha ubani mkobani bila kuuchoma.

"Aliyevunja mlango namtoa," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu kabisha, kaitikiwa. Kwenu hukufundishwa kutoitikia hodi ya mchana mtupu kabla hujauliza jina?"

"Nilifundishwa."

"Na huyo wako wa kwenye simu, ulimfundisha?"

Mganga akamwambia limebaki tumaini la unene wa uzi: vazi halijachukuliwa bado. Ijumaa alishike mpaka jua lizame, na mdomo wake usiseme neno.

"Na likichukuliwa?"

"Usinitumie mtu."

Ijumaa uchungu ukamshika binti asubuhi. Mumewe, mkwe wa Fundi, akampeleka hospitali. Kijana mwenye adabu yule, abishaye hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Fundi akaizamisha simu kwenye ndoo ya maji, akafunika, akaweka jiwe juu. Akaketi chumbani na kile kivazi mapajani, amekikumbatia kama mtoto mwenyewe, na ujumbe wa kwenda kwa bintiye hajui kama umekwenda, na jua likawa haliendi, na harufu ya kisima ikaja kutoka chini ya mlango ikapanda miguuni mpaka magotini, na nje, pale pale kizingitini, binti yake aliyekuwa hospitali akasema, "Mama, hodi, nimekuja kuchukua," na Fundi akauma upindo wa nguo, na sauti ikasema tena, "Mama, hodi, nimechoka kusimama," na machozi yakamtoka lakini neno halikumtoka, na ya tatu ikaja kwa kunong'ona, "Mama," na hapo ndani ya ndoo, chini ya maji, chini ya jiwe, mtu akakohoa kikohozi chake Fundi.

"Karibu, mwanangu. Ingia tu."

Mlango haukufunguka. Mikono ya Fundi ilikuwa imekumbatia hewa.

Akaondoa jiwe, akafunua. Simu ilikuwa inawaka majini. *Limemtosha. Ahsante.*

Jua lilipozama, mkwe aliingia bila kubisha hodi. Akasimama katikati ya chumba, mikono haina kitu.

Akataka kusema mama wa mtoto yupo, yu hai, madaktari wanamhangaikia. Hakumaliza. Dukani, nyuma ya mlango uliofungwa, cherehani ilikuwa imeanza tena, taratibu, mshono mrefu, mrefu kupita wa nguo ya mtoto.