Vibarua wa Karo

Kabla ya kugusa maji, dobi alisali. Kisha akakunja mikono ya gauni na kuanza kufua. Shuka za nyumba ya wageni zilimfika kiunoni. Mume wake, fundi cherehani, alimletea chai huku ameziba pua.

"Mke wangu, leo karo limezidi."

Karo ni tangi la chini ya ardhi. Maji machafu ya nyumba zote za ua ule yaliingia humo. Uchafu ulizama chini, na maji yakapita kwenye tuta la kokoto na matete, ndipo yakatoka mtaroni.

"Nitalikomesha," dobi alisema. Akachukua dumu la dawa ya kung'arisha nguo, akalimimina lote karoni. Alifanya hivyo kila wiki. Aliamini dawa inayotoa madoa kwenye shuka itasafisha na karo.

Mama Pacha, jirani yake, akatoka amekunja uso.

"Dobi, shuka za watu unang'arisha, sisi unatuozesha! Tumeshaongea na mwenye nyumba. Harufu isipoisha mwezi huu, tafuta ua mwingine."

Dobi akautazama ua. Kamba zake, mabeseni yake, wateja wake, vyote vilikuwa pale.

Fundi cherehani akampigia simu mdogo wake, anayefanya kazi kwenye mabwawa ya maji taka ya mji. Jioni shemeji huyo akafika na buti zake.

"Shemeji, nasikia siku hizi unafukuza watu kwa harufu."

"Wewe unayeshinda mabwawani ndiye wa kunicheka?"

Wakacheka. Shemeji akasogeza mfuniko, akarudi nyuma haraka.

"Msiiname hapa. Hewa yake inaua." Akanusa kwa mbali. "Nasikia dawa. Nani anamwaga?"

"Mimi. Nalisafisha."

"Unaliua, shemeji! Humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyokula uchafu. Ukimwaga dawa, unaua vibarua wako mwenyewe. Uchafu unabaki hauna wa kuula."

Dobi akashika kichwa. "Kumbe nawalipa sumu!"

"Sasa tufanyeje?" Mama Pacha akauliza kutoka dirishani.

"Gari lije linyonye tope, lakini libakize kidogo. Hilo ndilo mbegu ya vijidudu. Dawa isimwagwe humo tena. Kwenye kufua, tia kiasi kilichoandikwa kwenye dumu, jua litamalizia kung'arisha. Maji yenye dawa yakae juani kwenye beseni, mbali na watoto, mpaka kesho yake. Makali yakipungua, ndipo uyamwage."

Gari likaja. Dobi akafuata kila neno. Mwanzoni harufu haikuondoka, naye akawa analala na wasiwasi. Asubuhi akaongeza kwenye sala yake: "Ee Mungu, wape nguvu vibarua wako wadogo."

Polepole harufu ikafifia. Maji ya mtaroni, yaliyokuwa meusi, yakaanza kuwa maangavu. Matete yakachipua.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akaja. Akazunguka ua akinusa huku na kule.

"Karo lenyewe liko wapi?"

"Umelikanyaga," dobi akamjibu.

Mwenye nyumba akatazama mfuniko chini ya viatu vyake, akacheka, akaenda zake.

Mchana ule Mama Pacha akaleta kigoda chake, akaketi karibu na karo, akaanza kumenya vitunguu. Machozi yakamtoka.

"Harufu tena?" dobi akauliza kwa hofu.

"Vitunguu, mwenzangu. Leo ni vitunguu tu."