Macho ya Askari wa Gitonga

Yule askari mdogo hakuwa na macho Gitonga alipoenda kunywa chai. Aliporudi, alikuwa nayo.

Mtu mwingine angeshtuka. Lakini Gitonga alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya ardhi, na aliyezoea mahali ambapo faili zinatembea zenyewe hashtuliwi na jambo dogo. Akadhani amesahau. Akamweka dirishani akauke na wenzake: jeshi zima la Napoleon, sanamu za madini ya risasi zenye urefu wa kidole gumba, alizonunua kwa mzungu aliyehama Ngong. Mwaka ule wa 1998, kila mchana alizipaka rangi sebuleni kwake Kitengela: koti la buluu, mikanda myeupe, kofia ndefu ya manyoya. Ncha ya brashi aliilainisha kwa ulimi. Macho aliyaacha mwisho.

"Baba Ciku!" mkewe Mugure aliita kutoka jikoni. "Kwani stima imepotea?"

Ilikuwa mchana, jua likichoma mabati.

Hospitalini waliambiwa daktari wa macho yuko semina; warudi mwezi ujao, na picha mbili za pasipoti. Gitonga akarudia brashi yake, angalau moyo utulie. Lakini kila alipomaliza jozi ya macho, Mugure alipoteza kitu: kwanza rangi, halafu uso wa mumewe, halafu mlango. Na sebule ikaanza kunuka sufu iliyolowa, na jasho la farasi, na baruti, na pale dirishani kukasikika mkwaruzo kama wa viatu vingi vikijipanga polepole, hata Gitonga alipoinua kichwa akakuta macho yote yamemgeukia, si meusi kama alivyoyapaka bali ya kahawia, yenye maji, macho aliyoyajua tangu siku ya harusi yake.

Jirani yao Falis alimleta mjomba wake, Sheikh Salad. Mzee alichungulia dirishani, akarudi nyuma.

"Wallahi, mzee, umekaribisha majini," alinong'ona. "Hawana mwili. Wewe umewapa mwili, umewapa uso, hata mate yako umewapa. Walikosa macho tu, wakachukua ya karibu."

"Niko na tapentaini ya kutoa rangi," Gitonga akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nikiyafuta, ya Mama Ciku si yatafutika pia?"

"Futa, Baba Ciku," Mugure akasema. "Kwani saa hii naona nini?"

Salad akasoma dua. Gitonga akafuta mpaka jozi ya mwisho ikatoka. Mugure akapepesa.

"Naona dirisha. Naona shela ya Falis, ni ya kijani!" Akamgeukia mumewe, machozi yakimtoka. "Na wewe, umezeeka hivi lini?"

Wote wakacheka, kisha Mugure akatazama nyuma ya bega la mumewe.

"Lakini hawa wageni wengine, mbona hujawapa viti?"

"Wageni gani, Mama Ciku?"

"Hawa wa kofia ndefu. Wamejaa mpaka mlangoni. Maskini, hawana macho, wanapapasa tu..." Sauti yake ikashuka ikawa pumzi. "Baba Ciku, usinijibu. Wanafuata sauti."