Karata za Mnafu

Mvua ya Mwanjelwa haibishi hodi. Ilimkuta Devota Kalinga katikati ya soko hilo la Mbeya, mkono mmoja umeshika sketi ya kitenge isiburuze topeni, mwingine umekumbatia boksi. Kabla hajapata pa kujibanza, kijana aliyekuwa akikimbia na rimu za karatasi kichwani akamvaa mzimamzima. Puu! Boksi likapasuka, karata zikatapakaa kati ya mafungu ya nyanya na viatu vya watu.

"Weee! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Yamekuona wewe yakasahau njia," kijana akajibu, ameshapiga magoti anaokota.

Jeuri hiyo! Devota alitaka kumtukana, akajikuta anacheka. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limelowa likamganda kifuani, vidole vimejaa wino. Jina lake Jofrey, mwenye stationari pale Kabwe.

"Karata gani hizi? Sioni kopa wala shupaza. Naona ng'ombe, mpunga, tembo..."

"Mchezo wangu. Mnagawana maji ya bonde la Usangu. Mkiwa wachoyo, mto unakauka, mnafungwa wote. Na karatasi nimetengeneza mwenyewe kwa mabua ya mpunga kutoka Rujewa. Plastiki sitaki hata chembe. Karata za dukani zikichakaa zinabaki mtaroni mpaka wajukuu wazikute."

"Lakini zako zinanyonya maji kama andazi kwenye chai." Akainua moja yenye picha ya korongo. "Hii naichukua, fidia."

"Fidia ya nini, na wewe ndiye uliyenigonga?"

"Ya moyo."

Basi yakaanza. Devota alirudi kwao Kihesa, Iringa, lakini simu haikupoa.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula. Karata yangu iko wapi?"

"Ipo, mpenzi. Imelala pazuri."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Devota hakumwambia. Ndani ya kila karata, kwenye rojo la yale mabua, alikuwa amechanganya mbegu za mnafu wa marehemu mama yake. Karata ikichakaa, unaifukia bustanini, unakula mboga. Mama alikuwa ameacha kibuyu kimoja tu cha mbegu, na Devota alikimimina chote kwenye kazi hii, kwa sababu Bertha, meneja wa hoteli moja ya watalii huko Idodi, aliahidi kuzinunua karata akiziona mbegu zenyewe kwenye maonyesho ya biashara pale Iringa. Devota alitaka Jofrey naye aone siku hiyo hiyo ya maonyesho, ashangae pamoja na watu. Akamtumia makaratasi yote Mbeya ayakate kwa mashine yake.

"Nitakushangaza," Jofrey alisema kwenye simu.

Na kweli alimshangaza.

Siku ya maonyesho alifika Iringa amependeza, koti la kijivu, viatu vinameta, boksi mikononi. Devota, kwenye gauni la njano, alichomoa karata moja mbele ya Bertha na watu waliojazana, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ili ilainike mbegu zionekane.

Karata ikaelea. Inang'aa!

Devota akachomoa ya pili, ya tatu. Zote zinateleza kama samaki.

"Jofrey. Umefanya nini?"

"Laminesheni, mpenzi! Zote! Sijalala kwa ajili yake." Uso umemjaa furaha. Muelewe jamani: kwa watu wa stationari, kitu cha thamani hupigwa laminesheni, iwe cheti cha shule au picha ya ubatizo. Huko ndiko kupenda kwake.

"Nilikwambia sitaki plastiki!"

"Ulisema hutaki takataka. Karata ikidumu miaka ishirini ni takataka?"

"Mlikuwa na mbegu humo! Mbegu za mama! Umezipitisha kwenye moto wa mashine, Jofrey. Umempika mama yangu!"

Watu waliguna. Jofrey akainamia beseni. "Mbegu? Devota... hukuniambia."

"Toka mbele yangu!"

Bertha aliaga kwa upole, akasema Devota akipata mbegu nyingine amtafute. Nyingine zitoke wapi? Hata karata za boksi la kwanza zilikuwa zimeoza kwa ile mvua ya Mwanjelwa. Devota alibandua plastiki, akafukia vipande, akamwagilia wiki nzima. Hakikuota kitu. Baba yake, Mzee Kalinga, alikipangusa kibuyu kitupu akakirudisha mahali pake, na hilo ndilo lililomliza Devota kuliko yote.

Jofrey alipiga, akakatiwa. Akapiga tena, akakatiwa. Jioni moja Devota akapokea ili amtukane.

"Usikate! Nieleze mnafu ukoje."

"Unanitania?"

"Nieleze, nakuomba!"

"Majani mapana laini. Vijiua vyeupe. Vitunda vikiiva vinakuwa vyeusi."

Kwenye simu, Devota akasikia hatua zikienda haraka.

"Jofrey?"

"Nilikudanganya. Ile karata ya korongo ililowa siku ile ile. Niliianika kwenye chungu cha maua dirishani, ikayeyukia humo. Niliona aibu kukwambia. Sasa kuna kitu kimeota, nilidhani gugu, na kina vitunda vyeusi. Juzi nusura niking'oe."

Devota akaishika simu kwa mikono miwili. "Usikiguse! Usikipumulie hata! Kilete!"

Kesho yake Jofrey alisimama mlangoni Kihesa, vumbi mpaka kwenye nyusi, chungu amekipakata kama mtoto. Kwapani ana jembe jipya, limefungwa kitenge.

Mzee Kalinga aliona lile jembe, kikombe cha chai kikamponyoka.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. "Kijana, unaleta jembe mwenyewe? Mshenga wako yuko wapi?"

"Mshenga wa nini, baba? La kupandia mnafu. Kitenge ni cha Devota, cha kuomba radhi. Nimelifungia tu lisikate watu kwenye basi."

Devota alitamani ardhi ipasuke immeze. "Jofrey," akanong'ona, "kwetu Wahehe jembe jipya likiletwa mlangoni ni posa."

Jofrey akalitazama jembe, akamtazama Devota. Kisha akapiga magoti, kama siku ile Mwanjelwa.

"Basi, baba, lipokeeni. Mshenga atakuja Jumapili, nakuapia. Mimi nimetangulia na mboga."

Mzee alikipokea chungu kwanza. Akachuma jani, akalinusa, akatafuna taratibu. Machozi yakamlengalenga.

"Huu ni wa mke wangu," alisema. "Devota, binti yangu, unasemaje? Hili jembe tulipokee?"

"Lipokee, baba."

"Marahaba, basi, kijana. Ila nakuonya mapema: cheti cha ndoa usije ukakipiga laminesheni."

Devota alilifungua jembe, akajifunga kile kitenge kiunoni, akaenda nyuma ya nyumba kuchimba, huku anacheka na machozi yanamtoka.